Ripoti imeandikwa BI-RADS 4B: nikapige MRI kwanza?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 33. Nilipapasa uvimbe titi la kushoto, nikapigwa ultrasaundi. Ripoti inasema BI-RADS 4B, nichukuliwe kinyama. Shangazi anasema sindano inasambaza saratani, bora tuchange nipige mamogramu na MRI kwanza. Nifanyeje? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msichange kwa ajili ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kilichobaki ni sindano ya kuchukua kinyama, na usiicheleweshe.

BI-RADS ni ngazi za kupanga picha za titi kwa kiasi cha shaka ya saratani. 4B maana yake aliyesoma picha ameona dalili za kutia shaka: uwezekano wa saratani ni kati ya asilimia 10 na 50. Huenda kabisa isiwe saratani. Ila picha haiwezi kusema seli ni za aina gani, hata iwe ya bei gani. Hiyo ni kazi ya hadubini.

Kuanza na ultrasaundi kulikuwa sahihi. Titi la umri wako mara nyingi limejaa tezi, na kwenye mamogramu, yaani eksirei ya titi, tezi ni nyeupe, saratani nayo nyeupe. Kwenye ultrasaundi uvimbe wa maji hutokea mweusi tii, ukingo wake laini. Ule wa kutia shaka ukingo wake ni wa menomeno, umesimama badala ya kulala, na mara nyingi unaacha kivuli nyuma yake. Isome ripoti yako, huenda utayakuta maneno ya namna hiyo.

Mamogramu bado unaweza kuandikiwa, kwani huonyesha chembe ndogo za chokaa ambazo ultrasaundi mara nyingi haizioni. Siku hiyo usipake poda wala deodoranti kwapani, maana huweza kuonekana kama chokaa. MRI inawafaa zaidi waliorithi kasoro ya jeni za BRCA, inayoongeza sana hatari ya saratani ya titi, au pale saratani imeshathibitishwa na daktari anataka kujua imeenea kiasi gani. Kwako sasa inaweza kuonyesha vitu vingine visivyo na madhara, ukaongeza hofu, na sindano bado inakungoja.

Utachomwa ganzi, kisha daktari ataifuata sindano kwenye kioo cha ultrasaundi. Utasikia mlio "ta!" kama wa stepla, kitoke kipande chembamba kama tambi. Uliza kama ni sindano nene ya kutoa vipande, si ile nyembamba ya kufyonza seli. Ikiwa ni saratani, vipande hivyo ndivyo vitakavyopimwa vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayoweza kuchochea saratani ikue), na dawa huchaguliwa kwa majibu hayo.

Hofu ya shangazi nimeisikia miaka mingi. Wengi huchomwa sindano wakiwa wamechelewa, ugonjwa ukiendelea kukua lawama inaangukia sindano. Haijaonekana kwamba kuchukua kinyama kunafupisha maisha ya mgonjwa. Kuchelewa ndiko kunakofupisha. Nenda naye siku hiyo, aulize mwenyewe. Beba na picha zenyewe, si ripoti tu. Mlichochanga kitalipia maabara.