Re: WRX inachemsha mlimani tu, mjini iko poa

Habari mkuu. Kwa hiyo Subaru WRX yako ya 2003 inachemsha ukipanda mlima Kitonga tu, mjini mshale wa joto umetulia, na thermostati (ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) umeshabadilisha. Kabla hujafungua injini anza na hewa iliyonaswa kwenye maji ya kupoza, maana injini za EJ20 za turbo kama yako zinajazwa maji kwenye kile kitenki kidogo cha juu karibu na turbo, mafundi wengi wanajaza kwenye rejeta wanafunga wanaondoka, hewa inabaki ndani. Injini ikiwa baridi kabisa legeza kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta, jaza taratibu mpaka maji yatokee pale, funga, washa uache feni zizunguke. Yangu iliponea hapo. Na ile mifuniko miwili, wa kitenki na wa rejeta, usiichanganye, kila mmoja una presha yake.

Bado inachemsha? Chungulia chupa ya akiba ukitoka kuikimbiza, mapovu yakija mfululizo na maji yananuka moshi, hapo nashuku gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeharibika, usiipandishe tena mlima hata mmoja. Hedi imepinda kiasi gani hilo mtu wa mashine ya kuchonga hedi ndo atakwambia akiipima, ila apime hedi zote mbili za injini. Na maji ya bomba hapana jamani, tia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), hizo hedi ni alumini, zinalika.