Graveli Malindi: mlima si tatizo, mchanga ndio kesi

Umeuliza njia ya siku tatu huku Malindi kwa baiskeli za graveli, zile za njia za vumbi, wewe na wenzako wawili kutoka Nairobi, Februari, mkikwepa lami kadiri mnavyoweza, na mnataka mabonde na magofu; tena umeuliza kama matairi ya milimita 38 yatatosha. Walionitangulia kujibu wamekuhesabia kilomita na mwinuko. Ndugu yangu, Malindi mwinuko haujamtoa mtu roho. Nyinyi mliozoea Ngong mtavicheka vilima vyetu. Kitakachowashusha kwenye baiskeli ni mchanga, na Februari ndio mwezi wake.

Nilianza na Black Mamba nikiwa mvulana, miguu haifiki pedali nikikaa kwenye kiti, kwa hiyo nilipenyeza mguu katikati ya fremu kama tulivyofanya sote. Nilipeleka mikate Ganda na Kakuyuni, imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Baiskeli ile haikuwa na gia hata moja, na ndiyo iliyonifundisha udongo wa huku. Leo nina graveli yangu ya mtumba, matairi ya milimita 45, na bado nashuka na kusukuma palepale nilipokuwa nikishuka na mikate.

Udongo wenyewe ni hivi. Karibu na bahari ni mchanga mweupe uliochanganyika na mawe ya matumbawe. Ukitoka kijiani unazama, ukibaki kijiani unatikiswa. Ukipanda kuelekea Magarini unakutana na mchanga mwekundu, na huo ndio mzuri kuutazama na mbaya kuuendesha. Kandokando ya mto Sabaki kuna udongo wa mafuriko: ukikauka ni sakafu ya saruji, ukilowa unakaba gurudumu hadi halizunguki, na hapo unaibeba baiskeli badala ya kukubeba. Mchanga ni kinyume chake. Ukinyeshewa kidogo unashikana, unapita kama lami. Ndiyo maana mwenyewe napenda Julai na Agosti, manyunyu ya kusi yakipita usiku na asubuhi kuna baridi kidogo. Kama likizo mnaweza kuisogeza, isogezeni. Kama haisogei, basi soma vizuri hapa chini.

Siku ya kwanza nendeni Marafa, kwenye bonde. Tokeni mjini saa kumi na moja alfajiri. Hadi daraja la Sabaki ni lami na hamna ujanja wa kuikwepa, lakini saa hiyo malori ni machache. Simameni darajani. Maji hayo mekundu yanatoka mbali: ni Athi ya upande wenu, ikikutana na mto Tsavo inaitwa Galana, ikifika kwetu ni Sabaki. Udongo wa mashamba ya bara ndio unaoipaka bahari ya Malindi rangi ya chai msimu wa mvua. Viboko wapo na mamba wapo, kwa hiyo picha pigeni mkiwa juu.

Tena daraja hilo si la kuvuka tu. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza iliwataka Wagiriama wahame kutoka kaskazini ya mto huu, waache mashamba yao wavuke waje kusini. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawalisha watu kiapo mwaka mmoja kabla, wasitoe vijana wa kufanya kazi za mzungu. Walimkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka magharibi ya Kenya. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Mekatilili amezikwa Bungale, hukohuko Magarini. Kila ninapomsikia mgeni akilalamika kuhusu kiti cha baiskeli mbele ya Marikebuni, namkumbuka huyo bibi na safari yake, ila simwambii mgeni kitu, maana ndiye anayelipia chakula cha mchana.

Baada ya daraja mnakata kushoto, Marikebuni, Magarini, mpaka Marafa. Barabara ya vumbi, pana, mahali pengine imefanya mbavu kama bati la paa. Msiendeshe katikati. Tafuteni mstari wa bodaboda, ule uliokazwa na magurudumu yao pembeni, mara kushoto mara kulia. Ukipotea hata nusu mita unaogelea. Mbele kukiwa na mchanga mzito, weka gia nyepesi kabla hujaufikia, kaa nyuma ya kiti, usukani ushike kama umeshika kifaranga, na usipige breki. Anayeng'ang'ania usukani ndiye anayeanguka.

Sasa niseme nilivyojifunza kuhusu saa. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka wageni wawili kutoka Mombasa. Walitaka kwanza mahamri na mbaazi, kisha chai ya pili, kisha picha. Tukatoka saa mbili na nusu. Kufika Magarini chupa zote zilikuwa tupu. Upepo wa kaskazi ulikuwa unatupiga usoni, kavu, na mmoja wao akapita juu ya kisiki kilichofichwa na mchanga, tairi likachanika ubavuni, mpasuko wa kuingiza kidole. Lilikuwa tairi la kisasa lisilo na tyubu, lenye dawa nyeupe ya kujizibia lenyewe. Dawa ilimwagika yote kama tui. Chini ya mwembe palikuwa na fundi na pampu moja na sanduku la misumari. Akalitazama tairi, akacheka, akakata kipande cha tairi kuukuu, akakiweka kwa ndani, akaweka tyubu ya kawaida, akajaza upepo. Dakika kumi. Kiraka kile kilirudi hadi Mombasa. Kwa hiyo hata kama mna matairi ya dawa, kila mtu abebe tyubu mbili. Miiba ya mgunga na mbigili wa huku haichagui bei ya baiskeli.

Tulifika Nyari saa saba mchana. Nyari ndilo bonde lenyewe, lile watalii wanaloliita Hell's Kitchen, na kwa Kigiriama jina la Nyari linaeleza mahali palipobomoka penyewe. Kijana wa kuongoza wageni alitutazama, akakataa kutushusha. Akasema huko chini sasa hivi ni chungu kiko motoni. Nilidhani anataka aongezwe pesa. Nikashuka hatua ishirini peke yangu, joto likanipanda kutoka kwenye miamba hadi kwenye nyusi, nikarudi kimya. Tulilala chini ya mti hadi saa kumi na nusu. Tuliposhuka jua likiwa limeinama, kuta zile zilikuwa nyeupe juu, kisha waridi, kisha rangi ya chungwa, chini kabisa nyekundu ya damu, na wale jamaa waliokuwa wakinilaani tangu Magarini hawakusema neno kwa robo saa.

Ni mawe ya mchanga laini tu, mvua na upepo vinayala kila mwaka. Wazee wana yao: palikuwa na tajiri na jamaa zake, ng'ombe wengi mpaka wakawa wanaoga maziwa huku majirani wanakufa njaa, Mungu akaudidimiza mji. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Mwacheni mwenyeji awasimulie, anasimulia vizuri kuliko mimi, na kiingilio kinabaki kijijini. Baiskeli ziacheni juu. Nimeona video ya mtu akishuka mle na baiskeli. Huo si ushujaa, ni kuubomoa ukuta ambao tayari unabomoka.

Laleni hapohapo Marafa. Vyumba ni vya kawaida, ndoo ya maji na neti, ila asubuhi mko kwenye baridi na si njiani.

Siku ya pili ni rahisi, sitaandika sana. Shukeni upande wa bahari hadi Gongoni, mwone mashamba ya chumvi yakimeta. Miguu ikiwa bado ipo, chepukeni Ngomeni: zile jukwaa za chuma zilizosimama baharini ni za Waitaliano, na ndipo setilaiti iliyoitwa Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kisha Mambrui, mji mkongwe wa Waswahili, wenye mabaki ya kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za kauri za Uchina. Vaeni kitu juu ya zile suruali zenu za kubana kabla hamjaingia mitaani. Kikoi kimoja kwenye mkoba kinatosha, na salamu itangulie swali. Kutoka hapo kaskazi iliyowapiga jana itawasukuma mgongoni hadi Malindi.

Siku ya tatu, kusini. Hapa ramani za simu zinadanganya, maana zinaonyesha vijia vinavyokata msitu wa Arabuko Sokoke kana kwamba ni vya mtu yeyote. Msitu ule una ndovu. Nenda kituo cha msitu cha Gede, lipa, chukua mwongozaji, wengine wana baiskeli zao na watawaacha nyuma. Ukiona miti mirefu ya mrihi, jua chini ni mchanga mweupe na mtasukuma. Ukiona udongo umegeuka mwekundu na vichaka vimesongamana, hapo panapitika. Mkibahatika mtamwona yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu akikatiza njia. Ni karibu huku tu anakopatikana.

Halafu magofu ya Gede, mlango kwa mlango na msitu. Mji wa tangu karne ya 12, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimbua 1948, na 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wengi huenda moja kwa moja kwenye kasri. Mimi huenda visimani. Baada ya siku tatu za kubeba maji mgongoni, kisima kirefu kilichokauka katikati ya mji wenye misikiti na vyoo vya mawe kinakuonyesha kitu ambacho bango la maelezo halikuonyeshi.

Mjini Malindi nguzo ya Vasco da Gama mtaiona jioni kwa miguu, haihitaji baiskeli.

Sasa swali lako la matairi ya milimita 38. Kwa Gede yanatosha. Kwa Marafa mwezi wa Februari, tia mapana zaidi kama fremu inakubali, 45 kwenda juu. Kama haikubali, njooni tu, lakini upepo upunguzwe. Maji lita tatu kila mtu. Na ukiuliza njia usiulize kama ni mbali, utaambiwa "hapo tu" na ni kilomita kumi. Uliza kama bodaboda hupita. Mkifika darajani Sabaki alfajiri, kabla ya kukata kushoto, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likikataa kubonyea, toa upepo hapohapo.