Kulala kwenye hema ziwani na mtoto wa miezi 8
Dada, umeuliza kama mdogo wa miezi 8 na kaka yake wa miaka 3 wanaweza kulala kwenye hema ufukweni hapa Mwanza. Wanaweza kabisa. Ninachokihofia ni maji, wala si baridi. Ziwa Victoria lina kichocho: vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi mtoto akichezea maji ya ukingoni penye matete, hata kwa dakika chache. Ya kumwogesha yachemshe, yapoe. Sisi tulibeba beseni. Wangu alipigapiga maji humo mpaka mkeka ukalowa chapachapa. Chandarua chenye dawa kifunge kabla jua halijazama. Hema liweke mbali na mawe, nyoka hujificha kwenye nyufa zake.