Kunakili picha ya Van Gogh sio wizi, ndo shule yenyewe

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi, "dada, nataka kujifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha aliyochora mtu mwingine, ila naogopa wataniita mwizi." Nimeisoma mara tatu. Mwaka juzi na mimi niliambiwa hivyohivyo mbele za watu, na mtu niliyekuwa namheshimu sana, nikafunga brashi zangu kwenye mfuko miezi minne. Bado inauma, sitaficha.

Mimi nilichagua picha ya lile shamba la ngano lenye miberoshi, Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, kalichora 1889 akiwa anatibiwa akili kule Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Alilirudia, moja liko New York lingine London, mimi nilinakili kutoka karatasi ya A3 niliyoprinti stesheneri.

Sasa hapa Dar ukienda duka la rangi ukasema rangi ya mafuta unapewa kopo la kupaka mageti. Wachoraji wa Tingatinga wanaitumia hiyohiyo na kazi zinatoka safi, ila ya tyubu ni kitu kingine, imesagwa na mafuta ya kitani, haikauki kama maji yanavyokauka, inakula hewa taratibu mpaka inagangamala, siku kadhaa, na ukiiweka nene ni wiki na wiki. Mi nilikuwa sijui. Usiku wa kwanza nimepiga mbingu, nimepiga mawingu, nikaingia kwenye mti palepale huku chini bado kubichi, nasugua, natafuta kijani, nasugua tena, ikawa tope. Tyubu nyeupe imeisha na hela ya nyingine sina. Nililia jamani.

Kanvasi ya pili nayo niliiharibu. Ya tatu ndo nikakaa kwanza kuiangalia ile karatasi, nikaona huyu mtu hasugui, kila mpigo wa brashi kauweka kaondoa mkono, unauona umelala pembeni ya mwenzake. Basi nikawa nachanganya kijani changu kwenye kipande cha kioo mpaka kikubali, nafuta brashi na kitambaa, naweka mpigo mmoja kutoka chini kwenda juu, naacha. Weka, acha. Ukiona kosa liache likauke. Tabaka la kwanza jembamba lenye tapentaini, la juu ndo lishibe mafuta, ukigeuza litapasuka baadaye. Na fungua madirisha, ile harufu sio ya mchezo.

Wiki iliyopita nimemaliza, na mama ambaye siku zote alikuwa anauliza hizi rangi zitanilisha lini kaitundika mwenyewe sebuleni, Tabata.

Kwa hiyo mdogo wangu, wakikuita mwizi waambie Van Gogh mwenyewe, hukohuko Saint-Rémy, alinakili kazi za Millet, mchoraji Mfaransa, kama 20 hivi, kutoka kwenye picha zisizo na rangi, rangi akatia zake. Wewe nyuma ya kanvasi andika umenakili kwa nani, usiiuze kama wazo lako, halafu endelea na kazi. Tusiwe watu wa kuogopa midomo, kipaji kikikaa kabatini kinaoza. Nunua tyubu chache, ila nyeupe nunua mbili.

Jumamosi navuka Kigamboni na kanvasi ndogo, kuna mivinje ufukweni upepo ukipiga inajikunja vilevile kama ile miberoshi, na safari hii ile karatasi naiacha nyumbani.