Je, seli zote za gridi zina eneo sawa?

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nina data ya misitu ya dunia iliyopangwa katika gridi ya digrii moja kwa digrii moja, yaani uso wa dunia umegawanywa kwa mistari ya latitudo na longitudo kuwa vipande vidogo viitwavyo seli. Nilihesabu seli zenye msitu nikazidisha kwa kilomita za mraba 12,364, ambazo ni eneo la seli ya kwenye ikweta, lakini jumla ilizidi mno takwimu zinazochapishwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Namba hiyo ni sahihi kwa seli inayopakana na ikweta, lakini haifai kutumika kwingineko. Kadiri tunavyoielekea ncha ya dunia, mistari ya longitudo husogeleana hadi ikakutana, kwa hiyo seli hupungua upana ilhali urefu wake kutoka kusini hadi kaskazini hubaki karibu vilevile. Seli iliyo kati ya latitudo 60 na 61 ina kilomita za mraba 6,088 tu, na ile inayogusa ncha ina takriban 108. Misitu mikubwa ya Urusi na Kanada imo katika latitudo za juu, ndiyo maana jumla yako imevimba.

Ili kupata eneo sahihi la kila seli, tafuta sini (sine ya trigonometria, ambayo kikokotoo hutoa) ya latitudo ya ukingo wa kaskazini wa seli, utoe sini ya ukingo wa kusini, kisha uzidishe tofauti hiyo kwa upana wa longitudo katika radiani (kipimo kingine cha pembe) na kwa kipeo cha pili cha nusukipenyo cha dunia, ambacho ni kilomita 6,371. Kwa seli ya latitudo 60, tofauti ya sini ni 0.0085943 na digrii moja ni radiani 0.0174533, zidisha kwa 40,589,641 (yaani 6,371 mara 6,371) utapata zile 6,088. Angalia sana jambo moja: mafaili mengi huandika latitudo ya katikati ya seli, mathalani 60.5, na anayeichukua kuwa ukingo huisogeza gridi nzima kwa nusu digrii.

Ikiwa faili lako linaonyesha sehemu ya seli iliyofunikwa na msitu, zidisha eneo kwa sehemu hiyo, kwani seli yenye msitu kidogo haistahili kuhesabiwa yote. Hata wastani wa halijoto ya dunia hupotoka vivyo hivyo endapo kila seli itapewa uzito sawa.

Dunia si tufe kamili, lakini kwa seli za ukubwa huu kasoro itokanayo na hilo haifiki asilimia moja. Miteremko ya milima usiiongeze, kwa sababu takwimu unazolinganisha nazo hupimwa kwa mlalo.