Faili Halifungwi Mpaka Intachenji Ije

Kila kundi jipya la atachi, wanafunzi wa mafunzo ya kazi, likiingia ofisi za mawakala wa forodha za Moi Avenue, Mombasa, mambo ni yale yale. Panga boi linawashwa saa mbili asubuhi, entri (hati za kutangaza mzigo forodhani) zinapaa, na karani mgeni anazikandamiza kwa simu, stepla na sahani ya mahamri. Mteja akipiga kuuliza DO yake, hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utolewe, anaambiwa asubiri kidogo, na hiyo kidogo inakuwa nusu saa. Methali ya mali bila daftari mnaijua nyote, basi kwa nini meza zenu ziko hivi? Haya, wadogo zetu, tuanze upya.

1. Mezani faili lipangwe kwa hatua, si kwa jina la mteja. Jina ni la kabatini, kazi ikishakwisha. Mteja mmoja aweza kuwa na kazi nne kwa mpigo: moja imekwama kwenye cheti cha ukaguzi, nyingine yasubiri ushuru. Ukizifunga pamoja utazifukua zote nne kila anapopiga simu. Trei tano zatosha: zinazosubiri karatasi; entri imeingia, ushuru bado; ushuru umelipwa, mzigo haujaachiliwa; DO ipo, gari linatafutwa; na kontena tupu. Faili likivuka hatua, lihamishe saa hiyo hiyo, maana jioni utakuwa unawaza feri ya Likoni.

2. Trei ya tano ndiyo hukosekana kwenye meza za wageni, na ndiyo inayokula pesa. Mzigo ukitoka geti la bandari, karani hushusha pumzi, huandika "imekwisha" na kulisukuma faili kabatini. Haijakwisha! Storeji, ada ya mzigo kukaa bandarini, imesimama, naam, lakini demereji, tozo ya kukawia na kontena, ni ya kampuni ya meli, na yenyewe huhesabiwa mpaka kontena tupu lipokewe depo, yadi ya kontena tupu. Viwango hupanda kadiri siku zinavyozidi, tena kwa dola. Faili likishaingia kabatini hakuna anayelitazama, na habari huja mwezi ujao, mteja akidai dipoziti yake ya kontena na kampuni ya meli ikijibu kwa bili.

Kwa hiyo siku DO inapotoka, andika kwenye jalada, kwa tarakimu kubwa za kalamu nyekundu, tarehe ya mwisho ya kurudisha kontena na jina la depo. Siku mbili kabla ya tarehe hiyo, thibitisha depo. Depo hujaa, kampuni ya meli huelekeza kwingine, na dereva asiyejulishwa hugeuzwa getini akalala na kontena lako barabarani huku siku zikihesabiwa.

Kisha intachenji yenyewe, karatasi ya makabidhiano ya kontena. Ni mbili, ile ya kontena likitoka na ile ya likirudi, na zote mbili zikae faili moja. Soma ya kurudi kabla dereva hajaondoka mbele yako: herufi nne na tarakimu saba za kontena, tarehe, saa, na maelezo ya hali yake. Tarakimu ya saba ni ya kuhakiki zile zilizotangulia, hivyo mfumo wa kompyuta unaweza kulikamata kosa la kuchapa. Kosa la mkono halikamatwi na yeyote ila wewe. Pakiandikwa tundu au bonde ubavuni, linganisha na ya kutoka. Kama lilikuwepo tangu bandarini, una hoja. Kama ya kutoka imepotea, huna.

Na hupotea hivi: dereva anaitia mfuko wa shati, jasho la Changamwe saa saba mchana linaifuta wino, au anampa utingo, utingo anaichomeka dirishani, gari linapata mzigo mwingine, na karatasi yako inafika Mlolongo kabla hujaiona. Mwambie dereva atume picha ya WhatsApp akiwa bado getini mwa depo, na salio la gari lisilipwe mpaka karatasi yenyewe ifike mezani. Atanung'unika. Ataileta. Picha uihifadhi kwa mwaka kwanza, kisha mwezi, siku na namba ya kazi, mfano 2025-03-14_0212_intachenji, ili kompyuta ijipangie yenyewe. Jina kama "picha mpya ya mwisho kabisa" liacheni.

3. BL halisi, hati ya meli ya kuchukulia mzigo, haitobolewi, haipigwi stepla, haichanganywi na kopi. Kwa kawaida hutolewa tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki hazina nguvu tena. Zikae kwenye plastiki, ndani ya droo yenye ufunguo. Ikipotea kabla mzigo haujatoka, kampuni ya meli hutaka barua ya kuikinga na hasara, aghalabu pamoja na dhamana ya benki, na hakuna bosi anayependa kuombwa hiyo.

4. Hewa yetu ina chumvi. Pini na klipu za chuma huota kutu na kula karatasi. Nunua za plastiki. Risiti za mashine zinazochapwa kwa joto hufifia, toa kopi siku hiyo hiyo. Rimu ikifunguliwa ifungwe tena kwa karatasi yake, maana ikinyonya unyevu printa hukwama, kisha mnaipiga makofi kana kwamba ndiyo yenye makosa. Boksi za faili zisikae sakafuni wakati wa masika wala chini ya eyasii, hata siku moja.

5. Chai iwe kwenye meza nyingine.

6. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5. Andika mgongoni mwa boksi mwaka linapoweza kutupwa, si mwaka lilipofungwa peke yake. Mgeni atakayekufuata hatahitaji kupiga hesabu juu ya ngazi.

7. Ijumaa, kabla ofisi haijatawanyika kwa swala, pitia trei ya tano faili kwa faili. Ukikuta jalada lisilo na tarehe nyekundu, fungua DO uitafute, kisha mpigie dereva kabla ya kugusa jambo jingine.