Maswali ya Wasomaji: Je, karani afundishwe kuandika programu?

SWALI: Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa tangu enzi za karatasi na mihuri. Siku hizi hati zote hupitia kwenye kompyuta, na mfumo ukikataa ninachoingiza sina la kufanya ila kumwita kijana wa kompyuta. Sasa mwajiri anataka tufundishwe kuandika programu. Je, mafunzo hayo yananihusu?
– Karani, Tudor

JIBU: Yanakuhusu sana, ndugu yangu, mradi yaanzie kwenye kazi unayoifanya. Chukua nambari ya kontena, ambayo haipiti siku bila wewe kuiandika. Ina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo kazi yake ni kuzihakiki zile zilizotangulia. Kila herufi imepewa thamani yake; thamani hizo pamoja na zile tarakimu sita huzidishwa, kwa kufuata nafasi, kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hivyo hadi 512; jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloandikwa mwishoni, isipokuwa baki la 10, ambalo huandikwa 0. Ukizibadilishana nafasi tarakimu mbili kwa bahati mbaya, hesabu hiyo kwa kawaida haitalingana, na mfumo unaoihakiki utaikataa nambari yako papo hapo.

Kuiandika hesabu hiyo kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ni zoezi la mistari michache, nalo lina karibu kila kitu anachohitaji mwanafunzi wa mwanzo: kuhifadhi thamani, kurudia hatua, kuweka sharti. Karani aliyeliandika, hata kwa kusaidiwa, akikataliwa na mfumo hujiuliza ni sharti gani halikutimizwa, na mara nyingi hulipata mwenyewe. Asiyewahi kugusa fomula za Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, aanze na hizo kwanza.

Kwa waajiri nina ombi, na ninalisisitiza: mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi, kwa nakala za hati za zamani, wala si kwa mzigo unaosubiri kutoka bandari ya Kilindini, kwa kuwa kosa la mwanafunzi huko huweza kumletea mteja gharama za kuchelewa. Pia makarani wakongwe wasiwekwe nyuma ya vijana, maana wao ndio wanaojua ni makosa gani hujirudia kwenye hati, na hayo ndiyo yanayostahili kuandikiwa programu.

Kabla ya kujiandikisha, mwulize mwalimu kama atakubali ulete hati za ofisini kwako ziwe mazoezi. Akikataa, tafuta mwingine.